Ngao ya Wachota Maji ya Msiba

Mwezi uliopita nilikuwa Masasi, nyuma ya ukumbi mmoja karibu na stendi, nikipakua pilau la watu waliokuja kupewa vyeti. Ndiyo kazi niliyonayo kwa sasa, kupika kwenye shughuli, na masika yakifika huenda nikawa nimeiacha kama nilivyoziacha nyingine. Waliokuwa wakitambuliwa siku hiyo ni vijana wa bodaboda wanaowakimbiza wajawazito hospitali bila kuwatoza, na akina baba fulani wanaozibua mitaro ya sokoni kila mvua zikikaribia. Mgeni rasmi alichelewa, pilau likaanza kushika chini, na kupitia dirisha la jiko nilimwona kijana mmoja akiitwa, akinyoosha shati, akipokea cheti kilichotiwa kwenye fremu. Mshereheshaji akasema tuwashukuru vijana wetu, tuwashukuru tena, sasa tuwashukuru kwa kusimama, mpaka makofi yakachoka. Yule kijana alitabasamu kama mtu aliyetoka kuugua. Sikuwa na sababu ya kumwonea huruma, lakini nilimwonea, nikauweka mwiko chini. Mwenzangu wa jikoni, mwanamke wa Kitangari, aliuliza kama nimeungua. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu wa kwenu, Mama Zuhura, yule wa maji ya msiba. Akasema kumbe sijasikia, Mama Zuhura walimzika kabla ya mfungo. Habari za misiba hunifikia hivyo, zimeshapoa, kwa sababu hakuna anayejua anitafute wapi. Nilimaliza kupakua. Tangu siku hiyo mwaka mmoja wa ujana wangu umekaa nami jikoni kama mgeni asiyeaga, na nimeona afadhali niuandike.

Nilipofika Kitangari nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo. Nilikotoka na niliowaacha hawahusiki hapa. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, darasa la sita, kwa kuchoka kujibiwa maswali ambayo sikuyauliza. Nilikuwa nimebangua korosho Masasi mpaka mafuta ya maganda yakanichuna ngozi ya vidole, nikaondoka pale nikamfuata mwanamke muuza khanga aliyezunguka minadani. Yeye alipokwenda Tandahimba, mimi nilibaki Kitangari. Nilibaki kwa sababu ya swali. Tulikuwa tumepanda mlima mrefu, na kule juu nikakuta nchi tambarare yenye mikorosho na mihogo hadi macho yanapokoma, watu wengi, nyumba nyingi, misikiti na makanisa, lakini sikuona mto wala kijito. Nilitaka kujua watu hawa wanakunywa nini. Nikamuuliza mwanamke aliyekuwa akiuza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kando ya barabara, na badala ya kunijibu akaniuliza kama najua kubeba ndoo. Huyo ndiye alikuwa Mama Zuhura. Jioni ile nilikuwa nimeshapata chumba kwake, na haukupita muda nikapata na jina. Kila nilipouliza kitu wanawake walicheka, wakaniita Binti Kwanini, na baadaye Kwanini tu.

Chumba changu kilikuwa nusu ghala. Nililala kwenye kitanda cha kamba kati ya magunia ya mbaazi na marundo ya muhogo mkavu, na harufu ya muhogo ule, uchachu na vumbi pamoja, iliingia kwenye nguo zangu zote. Uani kulikuwa na shimo la kuvunia maji ya mvua, limesakafiwa kwa saruji na kufunikwa bati, maana kule juu kila anayeweza huchimba shimo na kulielekezea paa lake. Kiangazi kikikolea, ukitupa kokoto ndani unasikia mlio mkavu. Bomba la mradi lilitoa maji siku lilipotaka. Zaidi ya hapo ilikuwa ni kushuka bondeni kwenye chemchemi, njia ya mchanga na mizizi inayoning'inia ukingoni mwa mlima, ambayo watu huishuka wakipiga soga na kuipanda kimya. Nyuma ya ukuta wangu wa udongo alilala mama yake Mama Zuhura, Bibi Aziza, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Ukuta ule haukuzuia neno. Wawili wale walizungumza Kiyao walipopendana na Kiswahili walipokasirikiana, kwa hiyo nilichokielewa zaidi ni ugomvi wao.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja tu, na ulikuja baada ya chakula, tulipokwisha kula ugali wa muhogo na kisamvu na Bibi Aziza amerudishwa kitandani. Alitaka kuzikwa Masasi, chini ya milima ya mawe, alikozaliwa. Mama Zuhura alikuwa amemleta mlimani ili amuuguze, na hakuwa na mpango wa kumrudisha.

"Ukinizika huku nani atanililia?" Bibi Aziza alisema jioni moja. "Huna ndugu huku. Mumeo amekufa, mwanao yuko Dar es Salaam. Utanizika na kuku?"

"Masasi hakuna anayekujua tena, mama. Wenzako wote wamekwisha. Hapa nina watu."

"Watu gani?"

"Wa maji. Nimewachotea wote. Ikifika zamu yako watakuja mpaka uani pasitoshe."

Nililala nikilifikiria jibu lile. Baadaye nililielewa. Mlimani ukoo ni wa upande wa mama, na mwanamke aliyeolewa kutoka mbali hana ukoo pale, wala watoto wake hawana. Ana shamba, ana majirani, ana salamu za asubuhi, lakini siku ya kufiwa hana kundi linalolazimika kuja. Mama Zuhura alikuwa akilitengeneza kundi hilo ndoo baada ya ndoo, tangu alipofiwa na mumewe, kwa ajili ya siku moja tu ambayo alijua inakuja. Nimekutana na watu wengi waliojiwekea akiba ya hili na lile. Sijamwona mwingine aliyejiwekea akiba kichwani pake, mpaka nywele za utosini zikaisha.

Mila yenyewe ilikuwa hivi. Kilio kikisikika, hakuna anayeitwa. Kila mwanamke, Mwislamu au Mkristo, anaweka chini alichoshika, anachukua ndoo na kushuka bondeni kwanza, ndipo aende kutoa pole. Maji yanahitajika mengi: ya kumwoshea marehemu, ya udhu, ya kupikia waliokuja, ya kunawa. Wafiwa wenyewe hawashuki, ni mwiko. Ndoo ya kwanza kutua mlangoni pao ndiyo inayoongoza, na mwenye ndoo hiyo huitwa mwenye mlango. Yeye ndiye anayegawa maji na kutuma nani arudi bondeni, na siku hiyo hata mke wa mwalimu mkuu anamtii. Msiba ukiisha, madaraka yanaisha. Safari nyingine mwenye mlango ni mwingine. Na hakuna anayeshukuriwa. Mimi niliwahi kusema asante kwa bibi mmoja aliyenisaidia kujitwisha tena nilipopumzika kule juu ukingoni, mzee mwenye ulimi mkali aliyeitwa Biti Mfaume, akasimama katikati ya njia akanitazama kama nimemtukana.

"Asante ni ya mgeni anayeondoka," aliniambia. "Ukinishukuru umemalizana na mimi. Sasa nikifiwa kesho utakuja kwa lipi, mwali?"

Nilimwuliza kwa nini, wakacheka wote, na mzigo ukawa mwepesi kidogo.

Biti Mfaume ndiye aliyekuwa na ukoo mkubwa kuliko wote pale. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo alikuwa amesamehewa bonde. Kazi yake ilikuwa kukaa ukingoni mwa njia na kuwatania wanaopanda. Alimtania Mama Zuhura kuliko wengine. Alimwambia kwamba watu wa Masasi hutembea kama wamefungwa kamba, kwamba ndoo yake ina tobo, kwamba angekuwa na akili angeolewa bondeni. Mama Zuhura alimjibu kwamba yeye angeolewa bondeni, bibi mwenye magoti mabovu angeonewa huruma na nani. Nilidhani hawapendani. Ilinichukua muda kugundua kwamba kila ming'oko ilipochemshwa, sahani ya kwanza ilikwenda kwa Biti Mfaume.

Kisha akaja Dada Neema. Alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii, binti wa kutoka mikoa ya kaskazini, mwembamba, mwenye viatu ambavyo mchanga wa Kitangari ulivimeza siku ya kwanza. Nataka nimtendee haki, kwa sababu nimesikia watu wakiwasema vibaya wageni kama yeye, na yeye hakuwa mbaya. Alikuja kwenye mazishi ya katekista mmoja, akaona wanawake wakipanda kutoka bondeni mmoja nyuma ya mwingine, Waislamu wanampelekea maji Mkristo, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayeamrisha, akasimama pale akalia. Alituambia hajawahi kuona kitu kama hicho. Kulikuwa na shirika linalotafuta vikundi vya kujitolea vilivyofanya vizuri, vitambuliwe mbele ya wakubwa wa wilaya kule Newala, na yeye alitaka sisi tuwe wa kwanza. Alirudi mara kadhaa, akikaa kwenye kigoda uani kwa Mama Zuhura, akinywa uji wa muhogo bila kukunja uso, akiuliza. Maswali yake yalinipendeza kwa sababu yalikuwa mengi. Lakini aliuliza jina la kikundi, na hakikuwa na jina. Akauliza kilianza lini, na Biti Mfaume akamjibu kilianza siku mtu wa kwanza alipokufa. Akauliza mwenyekiti ni nani.

Wanawake walielezana kwa Kimakonde kwa muda mrefu, na Dada Neema akanitazama mimi nimfasirie, nami nilikuwa nikipata neno moja moja. Nilichokipata ni kwamba mwenyekiti akitoka ukoo huu, ukoo ule hautachota tena. Walizunguka pale pale, wakazunguka tena, mpaka mmoja akataja jina la Mama Zuhura, na wote wakalegea kama waliotua mzigo. Hana ukoo. Akiinuliwa yeye hakuna aliyeinuliwa. Mama Zuhura alikataa. Alisema hajui kuongea mbele za watu, alisema mama yake anaumwa, alisema mwenyekiti awe Biti Mfaume kwa umri wake. Biti Mfaume alisema yeye magoti hayapandi jukwaa. Mwishoni Mama Zuhura alikubali, na nilimwona akijizuia asifurahi. Sitamlaumu kwa hilo. Alikuwa ameishi pale miaka mingi akiitwa mtu wa kuja.

Siku ya Newala tulipelekwa kwa lori. Halikutosha watu wote, kwa hiyo wengine walibaki, na hilo nalo liliwekwa moyoni. Sisi tuliokwenda tulivaa khanga za sare ambazo shirika lilitupa, tukaketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai tangu asubuhi. Muziki ulipigwa, ukazimwa, ukapigwa tena. Kulikuwa na vikundi vingine: wazee waliojenga darasa, vijana wa timu ya mpira waliofyeka makaburi, mwanamke aliyelea yatima. Wote walikaa vile vile, wima, wakiwa na kiu. Walipotuita, Mama Zuhura alipanda peke yake. Alipewa ngao ya mbao yenye kibati cha kung'aa katikati, halafu akaonyeshwa zawadi ya kikundi, toroli lenye mapipa ya buluu, limefungwa utepe. Mgeni rasmi alishika kipaza sauti. Alisema anawashukuru akina mama hawa kwa moyo wao, akasema kwa niaba ya wilaya nzima asanteni, akawaomba wote wainuke na kusema kwa sauti moja, asanteni. Uwanja mzima ulisema. Niligeuka kuwatazama wanawake wetu. Walikuwa wameinamisha vichwa, kama watu wanaosomewa hukumu, na si kwa haya.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Toroli liligongagonga katikati yetu. Biti Mfaume, ambaye alikuwa amepewa kiti cha mbele kwa dereva, alingoja mpaka tulipofika na kumshusha. Ndipo akasema, akimsemesha kila mtu, "Haya. Tumeshashukuriwa."

Toroli lile halikuwahi kushuka bondeni. Magurudumu yalizama mchangani kabla hata ya kufika ukingoni, likarudishwa uani kwetu, kuku wakalifanya lao. Lakini kila mtu alijua lipo. Msiba uliofuata, kilio kilisikika, na nilipotoka na ndoo yangu sikuona watu njiani. Tulishuka wanne tu: Mama Zuhura, mimi, na wawili wengine. Tulipanda na kushuka siku nzima. Waliobaki nyumbani walikuja msibani wakiwa wamenawa, wakakaa mkekani. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, akanijibu bila ubaya wowote kwamba wenye maji wapo, si wamepewa na chombo. Alidhani sasa ni kazi ya mtu. Wale walioachwa na lori walisema wachote waliokwenda Newala. Waliokwenda Newala walisema mwenyekiti yupo. Na mfiwa, mzee mpole sana, alimfuata Mama Zuhura mlangoni akamwambia, "Asante sana, Mama Mwenyekiti." Mama Zuhura alipokea neno lile kama anavyopokea mtu ndoo iliyojaa kupita kiasi, shingo ikazama.

Ilikuwa hivyo kwa miezi. Wafiwa walianza kutuma mtu atuite. Jina la Mama Zuhura likafutika, akabaki Mwenyekiti, hata kwa watoto. Ndani ya nyumba yetu pakawa na uchovu ambao haukulala. Tulikula ugali tukisinzia. Nyuma ya ukuta Bibi Aziza alikuwa anapungua. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kuuliza tu nani amekufa leo na nani amechota, na Mama Zuhura akawa anamdanganya, akitaja majina mengi. Sikumsikia tena akisema kwamba uani hapatatosha.

Siku moja Mama Zuhura aliiondoa ngao ukutani, akaifunga kwenye khanga, tukaenda Newala. Dada Neema alifurahi kutuona. Alituagizia chai na chapati, akakaa nasi upande wetu wa meza. Mama Zuhura aliifungua khanga, akaisukuma ngao mbele yake, akasema amekuja kuirudisha.

"Kuna kitu kimepungua, mama?" Dada Neema aliuliza. "Niambie, nitawaandikia."

"Hakijapungua kitu, mwanangu. Kimezidi."

Alijaribu kueleza. Nami nikajaribu kumsaidia. Tulieleza habari ya mwenye mlango, habari ya asante, na Dada Neema alisikiliza kwa makini na kutikisa kichwa, na nilimwona akielewa kila neno bila kuelewa tulichotaka. Alisema ngao hairudishwi. Alisema kikundi chetu kimeshasomwa kwenye mikutano, kuna wageni watakuja kukitembelea. Alisema labda kinachohitajika ni semina ya uongozi. Aliona aibu, na Mama Zuhura naye akaona aibu kwa kumwaibisha, wakaanza kuombana radhi, na chai ikapoa. Tulirudi na ngao, tumekaa juu ya magunia ya korosho kwenye gari la mtu, vumbi jekundu likitupaka, na Mama Zuhura akaniuliza kitu ambacho sijakisahau. Aliniuliza kama nadhani inawezekana mtu akarudi kuwa si kitu. Mimi ambaye nimekuwa si kitu mahali pengi nilimwambia ni rahisi, unapanda gari. Akasema, "Kwako."

Nimefikiria sana tangu siku ile kuhusu watu wanaopewa vyeti. Sidhani kutambuliwa ni kubaya. Kuna watu wanaokufa bila mtu kuwaona, na hilo nalo nimelishuhudia. Ila kuna kazi zinazosimama kwa sababu kila mmoja anadaiwa na mwenzake, na anayekuja kutoka nje akalipa deni lile kwa makofi, hata kwa nia njema, huwaacha watu wakitazamana bila sababu ya kuinuka. Sikuwa na maneno haya wakati ule. Nilikuwa na shingo inayouma tu. Na mwezi uliopita kule ukumbini, mimi niliyekuwa nikiuliza kila kitu, sikuthubutu kumuuliza mwenzangu wa jikoni ni nani waliomchotea Mama Zuhura.

Bibi Aziza alikufa mwisho wa kiangazi, asubuhi, baada ya adhana ya alfajiri. Mama Zuhura alimfunga kidevu, akamnyoosha miguu, akatoka uani akapiga kilio. Kilikuwa kilio cha kuarifu, kirefu, kimoja. Hakulia machozi. Akaingia ndani akaketi ukutani, macho yakielekea mlangoni. Shimo la uani lilikuwa kavu, na kwenye pipa la ndani maji yalikuwa ya chini kabisa, yenye takataka.

Watu walikuja. Hilo lazima niliseme, walikuja wengi, haraka, na walikuja kwa huzuni ya kweli. Walimkumbatia, wakaketi kwenye mikeka, wengine walilia mpaka wakashikwa. Lakini kila aliyeingia Mama Zuhura alimtazama mikononi, na mikono ilikuwa mitupu. Uani palijaa kweli. Jua likapanda. Wanaume walikuwa wameshakwenda kuchimba kaburi, sanda ilikuwa imefika, na waoshaji walikuwa wamekaa wakisubiri maji pamoja na wengine wote, kila mtu akingoja watu wa maji, na watu wa maji walikuwa ni mwenye nyumba na mimi. Wale wawili wengine walikuwa wameshuka Tandahimba kuvuna korosho za watu. Niliinuka niwaambie. Mama Zuhura alinishika mkono.

"Usiwaambie," alisema kwa sauti ya chini. "Anayechota kwa kuambiwa amekuja kufanya kazi tu."

Nikachukua ndoo yangu peke yangu. Ndipo naye akasimama. Alivua khanga aliyojifunika kichwani, akaisokota ngata mbele ya watu wote, akaiweka utosini, akachukua ndoo yake pembeni ya mlango. Biti Mfaume alikuwa amekaa karibu na njia ya kutokea, miguu ameinyoosha.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza.

"Bondeni."

"Mfiwa haendi bondeni."

"Mfiwa haendi," Mama Zuhura alisema. "Mwenyekiti anakwenda."

Tulitoka. Sikugeuka nyuma, lakini tulipoanza kuteremka nilisikia miguu ikikimbia huku na huku kule juu, milango, ndoo zikigongana. Walitufikia chemchemini, wakihema, mmoja baada ya mwingine, mpaka mstari ukapotea kwenye miti. Waliokuwa wakichota maji yao ya nyumbani walisogea. Mama Zuhura alichota, akajitwisha mwenyewe, akatangulia. Kwenye kupanda alikwenda polepole, alikuwa na usiku mwingi wa kuuguza mwilini, na hata mmoja hakuthubutu kumpita, ingawa wapo waliokuwa na nguvu za kufika mlimani na kurudi kabla yake. Mara mbili aliteleza na maji yakamwagika mgongoni. Mara zote mbili mikono ilinyooshwa kumshika, naye hakuishika. Akafika, akatua ndoo kwenye mlango wake mwenyewe. Kwa desturi ya pale, yeye ndiye aliyekuwa mwenye mlango kwenye msiba wa mama yake. Alifanya kazi hiyo. Aligawa maji ya kuoshea, akagawa ya kupikia, akatuma nani arudi bondeni, na wote walirudi walikotumwa, vichwa chini. Bibi Aziza alioshwa vizuri, akazikwa alasiri.

Watu walipokwisha kula, Mama Zuhura alikaa kwenye ngazi ya mlango. Hakuwa amegusa chakula. Hakuwa amelia. Wanawake walikuwa wakisugua masufuria kwa mchanga, wakiogopa kuondoka na wakiogopa kukaa. Biti Mfaume alijikokota akaja kuketi kando yake. Mabega yao yaligusana.

"Umemwaga nusu njiani," Biti Mfaume alisema hatimaye. "Nilikuona. Watu wa Masasi hawajui kubeba."

"Kachote ya kwako, basi," Mama Zuhura alimjibu.

Mikono iliyokuwa ikisugua ilisimama. Biti Mfaume akashika fremu ya mlango akajiinua. Akaitisha ndoo. Mjukuu wake alitaka kuichukua yeye, akamsukuma. Binti mwingine alitaka kumfuata, akamwambia akae. Akaondoka na fimbo yake kuelekea ukingoni, ndoo tupu mkononi, magoti yakienda kila moja njia yake.

Tulimngoja. Sijawahi kungoja vile, na nimengoja magari mengi. Masufuria yalikwisha, yakafunikwa, jua likaingia kwenye mikorosho, na hakuna aliyeondoka. Mama Zuhura alikuwa akitazama mahali njia inapochomoza. Tulisikia kwanza fimbo. Kisha ikaonekana ndoo, halafu kichwa, halafu yule kikongwe mzima, amelowa upande mmoja, akipumua kwa mdomo. Alivuka uani mzima bila kumtazama mtu, akaitua ndoo mbele ya miguu ya Mama Zuhura. Yalikuwa yamebaki maji kidogo sana chini. Mama Zuhura aliyatazama, akatia mkono, akajipaka usoni. Hapo ndipo alipoanza kumlilia mama yake.